Ulimi na Meno ya Chini: Nasaha kwa Wajukuu wa Mpakani

Wajukuu zangu wa Busia na Tororo, ninyi ndio mnaowasindikiza wazee hospitali, ndio mnaolipa, na ndio mnaopata lawama meno ya bandia yakigoma. Nisikilizeni, maana nami nayavaa.

Mara nyingi seti ya juu hutulia, ya chini ikarukaruka. Msikimbilie kumlaumu fundi. Ya juu hufunika kaakaa lote, na mate huinatisha hapo. Ya chini haina kaakaa. Imekalia ukingo mwembamba wa ufizi tu. Tena meno yakishang'oka, mfupa wa taya la chini huisha upesi kuliko wa juu, kwa wastani karibu mara nne. Majirani zetu Wajaluo, ambao zamani waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, mfupa wao wa mbele ulianza kupungua tangu siku hizo.

Kinachobaki kuishika seti ni ulimi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini nguvu unazo. Ncha ikigusa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na mbavu zake zikiegemea meno ya pembeni, seti hutulia na hewa haipiti chini yake. Ukirudi nyuma kooni, hewa huingia, seti hupanda. Na aliyekaa miaka mingi bila meno, ulimi wake hutanuka ukajaza nafasi iliyoachwa, nao huisukuma seti.

Basi mwelekezeni mzee hivi. Asimame mbele ya kioo, afungue kinywa kiasi cha kupokea tonge, ncha ya ulimi ibaki mbele. Kisha aurudishe nyuma, aone seti inavyoinuka. Akijionea mwenyewe, hatabisha. Afanye zoezi hilo la kuuweka ulimi mbele kila siku, asome gazeti kwa sauti, na ugali aule kwa matonge madogo, akitafuna pande zote mbili. Muhindi wa kuchoma aupukuchue kwa mkono. Penye mtungi wa pombe ya ajon, mrija humlazimu kuvuta mashavu ndani na ulimi nyuma. Kwa sasa anywe kwa kikombe.

Lakini mazoezi ya ulimi hayatibu seti mbovu. Ikimchubua, au bado inacheza baada ya mazoezi, mrudisheni kwa daktari wa meno, Busia au Tororo. Msiichonge kwa kisu nyumbani, wala msimpeleke kwa fundi wa sokoni asiye na leseni, upande wowote wa mpaka. Usiku aivue, aisugue kwa brashi na sabuni, ailaze katika maji baridi.

Mpeni mzee wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kulipia seti nyingine, kwa sababu ulimi uliozoea kurudi nyuma utaiangusha hata mpya. Nanyi mlio na meno yenu, yatunzeni: hakuna seti inayoshika kama mzizi.