Haki Isiyofikika

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 19, yampa kila mtu haki ya kesi yake kusikilizwa na hakimu. Vema. Lakini mjane wa Mabalako aliyenyang'anywa shamba, asiye na nauli wala fedha za wakili, amepewa nini? Wengine husema mlango wa mahakama u wazi, asipoingia ni shauri lake. Sisi twakataa.

Huko Ireland, Bibi Johanna Airey alitaka kutengana na mume aliyempiga, akakosa fedha za wakili. Serikali ilijibu kwamba angeweza kujisemea mwenyewe! Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililikataa jibu hilo: haki iwe ya kweli, si ya karatasi.

Mahakimu wetu nao husafiri vijijini kusikiliza kesi kubwa za damu. Mbona wasije kwa shamba la mjane?