Binti wa Mrimba

Watu wa elimu wamezoea kuziweka sayansi na fasihi mbalimbali, kama wake wenza wasioamkiana. Hii hupima, ile hutunga; hii hudai ushahidi, ile yasemekana huridhika na uzuri wa maneno. Mgawanyo huo ni mwepesi kuufundisha, lakini haumsaidii mtu atakaye kujua jambo moja la kweli juu ya watu waliokwisha kufa. Nachukua mfano wa Kilwa Kisiwani, kwa sababu katika pwani ya Afrika Mashariki swali la asili ya watu halikupata kuwa swali la maarifa matupu. Siku zote lilikuwa swali la heshima: nani mwenye mji, na nani mgeni ndani yake.

Habari za kuanza kwa ufalme wa Kilwa zimetufikia kwa njia tatu. Iko tarehe iliyoandikwa kwa Kiarabu. Iko habari aliyoitia João de Barros katika kitabu cha Kireno kilichotoka mwaka 1552. Na yako masimulizi ya Kiswahili yaliyonakiliwa baadaye kwa wenyeji. Zote tatu zasema kwamba ufalme ulianzishwa na mtu wa Shiraz, katika Uajemi, aliyekuja kwa chombo. Lakini kila moja ina jicho lake. Barros asema kwamba huyo Ali alizaliwa na mjakazi wa Kihabeshi, na ndugu zake wakamdharau kwa ajili ya mama yake. Tarehe ya Kiarabu yasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Masimulizi ya Kiswahili yamtaja Mrimba, mkuu wa mahali pale, na yaongeza neno ambalo wasomaji wengi wamelipita mbio: mgeni alimwoa binti wa Mrimba.

Katika enzi ya ukoloni waandishi wengi waliipokea habari ya Shiraz kwa furaha isiyo njema. Kwao ilithibitisha waliyokwisha kuyaamini, kwamba msikiti wa mawe hauwezi kuwa kazi ya Mwafrika. Sayansi ndiyo iliyolivunja dai hilo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kwamba mji ulikuwapo na watu wake muda mrefu kabla ya nasaba ya Washirazi kutawala. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8, na mji ukakua pale pale hatua kwa hatua. Wataalamu wa lugha nao walikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo na lugha za Mijikenda. Basi wanachuoni wengi wakaihesabu habari ya Shiraz kuwa majivuno tu, ya watu wa mjini waliojitafutia mababu watukufu ng'ambo, kama ilivyo desturi ya wenye vyeo popote.

Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi, vilivyopatikana katika mifupa ya watu 80 wa kale. Mifupa hiyo ilitoka katika miji kadhaa ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwamo, na mahali pamoja pa bara. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya, alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa pwani walikuwa na urithi wa Afrika uliozidi nusu, nao umepitia zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia, na katika hiyo mababa Waajemi ndio waliozidi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, urithi wa Uarabuni ukaongezeka.

Hadithi iliyochekwa, basi, ilikuwa na mbegu ya kweli. Wengi waliishia hapo, wengine wakisherehekea na wengine wakinung'unika. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba mifupa imewarudisha kina mama. Tarehe za wafalme ni orodha za mwana wa fulani na mwana wa fulani, na mwanamke akitajwa, hutajwa kama aibu ya mwanawe au kama mkataba wa baba yake. Leo yule binti wa Mrimba, aliyepita katika hadithi kwa sentensi moja, anasimama kwa wanawake wengi waliouzaa mji. Na ushahidi wao ulikuwa vinywani mwetu muda wote. Maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni machache. Watoto wa baba hao walisema lugha waliyoisikia wakiwa wamebebwa mgongoni. Katika desturi ya kale ya Lamu nyumba ya mawe alipewa binti aolewapo, na mume akahamia kwa mkewe. Mambo haya yalijulikana kabla ya maabara. Hatukuyaweka mahali pake.

Hata hivyo sayansi isitwikwe mzigo usio wake. Kipimo cha vinasaba chaweza kusema mtu alizaliwa na nani. Hakiwezi kusema anastahili nini. Wako watakao maabara iwape hati ya uungwana, na wako watakao iwape hati ya uzalendo, na wote wawili wanaomba kitu kisichokuwamo ghalani. Tena kipimo hakisemi kama binti wa Mrimba aliolewa kwa ridhaa, kwa biashara, au kwa hofu. Hapo twarudi kwenye zile nguo zilizokizunguka kisiwa. Sidhani kuna mchimbaji atakayeokota uzi wake mmoja, wala sidhani zilipata kutandazwa. Lakini zatuambia kwamba wajukuu wa mgeni waliona haya kuonekana wanyang'anyi, wakataka ijulikane kuwa bei ililipwa. Haya hiyo ni tukio la historia sawa na msingi wa msikiti, na fasihi peke yake ndiyo iliyoihifadhi. Ndivyo ilivyo hata Pate: mchimbaji aweza kuhesabu vidaka vya ukutani na vipande vya vyombo vya China, lakini kwamba mtu alisimama mbele ya magofu hayo akaiogopea roho yake, hilo twalijua kwa sababu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi.

Linabaki jambo linalonisumbua zaidi. Makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye daraja, waliozikwa karibu na misikiti. Na tarehe ziliandikwa kwa ajili ya wenye daraja hao hao. Mashahidi wetu wawili, wa mfupa na wa wino, wametoka katika nyumba moja, na kukubaliana kwao kwaweza kuwa ni kukubaliana kwa jamaa. Nje ya kuta za mawe palikuwa na nyumba za udongo na makuti, zenye wavuvi, wakulima, wafinyanzi na watumwa. Vigae vya vyungu vyao vimejaa katika udongo wa Kilwa kushinda vyombo vyote vilivyotoka China na Uajemi. Aliyevifinyanga hana jina katika habari yoyote ya zile tatu.