Nguzo Namba 47

Swali langu ni hili, ndugu msomaji: uongo ambao haukumuumiza mtu yeyote, nao unahesabiwa? Usikimbilie kujibu. Mimi ninalo swali hili tangu nilipomaliza kidato cha nne na kupata kibarua cha kuhesabu nyundo.

Naam, kuhesabu nyundo. Palikuwa na jengo linajengwa bondeni, jirani na bahari, hapa hapa Dar es Salaam, mahali ambapo ukichimba hapa unakuta mchanga, ukisogea hatua kumi unakuta tope, mbele kidogo jiwe la matumbawe. Ardhi ya namna hiyo haitaki msingi wa kawaida. Zinaletwa nguzo za zege, kila moja mita 12, winchi inaisimamisha, kisha nyundo ya chuma inaitwanga kichwani hadi izame. Kazi yangu ilikuwa kukaa na daftari, kuhesabu mapigo kwa kila sentimita 25, na kuandika nguzo imegota kwenye kina gani. Ti! Ti! Ti! Kutwa nzima. Hata usingizini nilikuwa naendelea kuhesabu.

Kwenye mchoro wa injinia nguzo zote zinalingana, zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Ardhini mambo ni mengine. Injinia alitoboa mashimo machache ya uchunguzi, na kati ya shimo na shimo alikisia, maana hakuna awezaye kuiona ardhi yote. Ndiyo sababu wataalamu huweka ziada: nguzo itakayobebeshwa tani 50 hupangiwa uwezo wa 100 au zaidi. Na ndiyo sababu daftari lipo. Kila nguzo inayopigwa ni uchunguzi mwingine. Ardhi inasema, karani anaandika.

Nguzo nyingi ziligota kwenye mita 11. Namba 47 ikagota kwenye 7. Labda ni mwamba kweli. Labda ni jiwe moja tu lililokaa juu ya tope kama kuku juu ya mayai. Mapigo peke yake hayakuambii lipi ni lipi.

"Andika kumi na moja," fomeni akaniambia.

"Mzee, imeishia saba."

"Bwana mdogo, unajua hii mashine inakodiwa shilingi ngapi kwa siku? Ukiandika saba, injinia atataka ipimwe, halafu atataka nyingine ipigwe pembeni. Ziada ameshaiweka. Wewe unaogopa nini?"

Nikaandika 11. Zile mita 5 zilizobaki juu zilikatwa, zikavunjwavunjwa, zikawa kifusi cha kujazia njia ya malori. Jioni ile ushahidi wote ulikuwa unakanyagwa na magurudumu.

Jengo lipo hadi leo. Nimepita pale mara nyingi, nimezikagua kuta kama daktari, sijaona ufa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Lingepasuka, nisingekuwa na swali lolote, ningekuwa mkosaji tu.

Washikaji kijiweni wananiambia: si limesimama? Basi, yameisha. Hoja hiyo ingenitosha kama matokeo ndiyo hakimu. Lakini litazame jengo la Millennium Tower, San Francisco, Marekani, ghorofa 58, lililofunguliwa mwaka 2009. Nguzo zake za zege zilipigiliwa hadi kwenye mchanga mgumu. Chini ya mchanga huo kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi wa kale, na mwamba uko chini zaidi. Udongo ukaminyika. Habari zilipotoka hadharani mwaka 2016, lilikuwa limezama kama sentimita 40, tena limeinama. Mwaka 2021 walipoanza kulitibu likazidi kuinama, kazi ikasimamishwa kwa muda; mwaka 2023 ndipo wakamaliza kuliegemeza kwenye nguzo 18 zilizofika mwambani. Maana yake, hata ukiyahesabu mapigo kwa uaminifu wote, hayakuambii kilichojificha chini ya ule mchanga. Ukweli hauhakikishi kusimama, na uongo hauhakikishi kuanguka. Sasa matokeo yatakuwaje hakimu?

Wapo watakaonitajia yule mjenzi mpumbavu wa kwenye Injili, aliyejenga mchangani. Nawaheshimu, lakini Jumba la Kifalme la Amsterdam lilijengwa karne ya 17 juu ya miti 13,659 iliyopigiliwa ikapita tope hadi kwenye mchanga, na limesimama. Mchanga si dhambi.

Nikilitafakari, naona fomeni alikosea kwenye hilo neno ziada. Ziada imewekwa kwa ajili ya tusiyoyajua. Mimi na yeye tulikuwa tunajua, tukachota humo kufunika tulichokijua. Ni kama kuchota fedha za rambirambi ukalipie deni la pombe. Marehemu kazikwa vizuri, watu wamekula, chenji imebaki, hakuna aliyeumia. Lakini ule mfuko haukuwa wako. Na injinia aliendelea kupiga hesabu zake akidhani mfuko bado umejaa, wakati huenda namba 46 na 48 nazo zilikuwa na siri zao. Jengo likizama lote sawasawa, mara nyingi kuta zinavumilia. Kinachopasua ni nguzo hii kushuka na ile kubaki.

Utasema nilikuwa kibarua tu, nina kodi ya chumba ya kulipa. Kweli kabisa. Fomeni naye alikuwa na bosi wake, na bosi ana benki yake. Wote tuna wa kumwonyesha kidole nyuma yetu, ila kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Hivi majuzi nimesikia wenye jengo wanataka kuongeza ghorofa 2 juu. Injinia atakayepewa kazi hiyo ataanza kwa kuomba jalada la msingi. Atakuta mwandiko wangu, msafi, nilikuwa na mwandiko mzuri sana: namba 47, mita 11. Barua nimeshaiandika. Iko mezani chini ya daftari la riwaya yangu, wiki ya tatu sasa, na pale chini pa jina sijaandika kitu.