Kinyago Kimoja, Nakala Mia

Hebu niulize, ndugu msomaji: kitu kinachoweza kuzaa nakala elfu, mtu ana haki gani ya kukifunga kizazi kwenye mia?

Swali hili limenijia kwa sababu ya picha za wanamieleka wa Mexico, wale wanaopigana wakiwa wamevaa vinyago. Wachoraji huwachapa kwa skrini. Kitambaa chepesi kinawambwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zinazibwa, wino unasukumwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Kila rangi na fremu yake. Karatasi zikikauka, mchoraji anatia sahihi na namba kwa penseli: 12/100, yaani ya kumi na mbili kati ya mia. Kisha fremu inaoshwa, basi. Ya mia na moja haipo. Hapo bei inaanza kupanda ngazi.

Roho yangu ilikataa mara moja. Mieleka hii ni ya walalahoi, bwana! Tangu Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni yake mwaka 1933, waliojaza viti ni watu wa mitaani. El Santo, yule wa kinyago cha fedha, alivaa kinyago hicho mwaka 1942, na mwaka 1952 hadithi zake za picha zikaanza kuuzwa. Waliomfanya shujaa ndio hao hao. Leo sura yake inaning'inia sebuleni kwa tajiri ambaye hajawahi kusukumana mlangoni Arena México. Kwa haki gani?

Lakini mchoraji naye ana tumbo. José Guadalupe Posada, bingwa wa chapa za Mexico, kazi zake zilichapwa kwa wingi kwenye karatasi rahisi, zikazagaa mitaani. Alikufa mwaka 1913 akiwa fukara. Wingi ule ulimpa umaarufu, haukumpa mkate. Anayesema sanaa iwe ya wote aseme pia nani atalipa kodi ya chumba cha msanii.

Tena, kinyago chenyewe kinasimama juu ya ahadi: uso huu hamtauona. Katika pambano la kinyago kwa kinyago, anayeshindwa huvuliwa na kutaja jina lake mbele za watu. El Santo alikiinua kidogo tu kwenye televisheni, Januari 1984. Siku chache baadaye akafariki, akazikwa nacho. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba uhaba wa kujitakia ni utapeli. Ukiwa utapeli, basi na El Santo alikuwa tapeli.

Tofauti ninayoiona ni moja: nani anabeba gharama ya ahadi? Mwanamieleka anajinyima mwenyewe, maana uso uliofichwa ni wake. Mchoraji anapoosha fremu, anayenyimwa ni shabiki mwenye mfuko mtupu.

Mtu atasema: chapa za bei nafuu zitaua thamani ya zile zenye namba. Si kweli jamani. Nje ya kumbi za mieleka huuzwa vinyago vya kitambaa, watoto wanavivaa na kurukaruka. Je, kinyago cha bingwa kimepungua heshima kwa hilo? Wala! Kinatamaniwa zaidi, kwa sababu kila mtu anakijua.

Basi mimi nasema: ahadi iwe juu ya sahihi, isiwe juu ya sura. Mchoraji auze mia zenye namba kwa bei atakayo, asiongeze hata moja, maana aliyenunua alimwamini. Lakini aseme mapema kwamba sura ile ile itatoka pia kwenye karatasi nyepesi, kwa rangi moja, bila namba. Jambo hili si ndoto. Karakana ya Taller de Gráfica Popular, iliyoanzishwa jijini Mexico mwaka 1937, ilichapa mabango na vipeperushi kwa wafanyakazi, na mwaka 1947 ikatoa pia albamu ya chapa 85 za Mapinduzi, kwa idadi maalumu. Milango miwili, nyumba moja.

Nasi tunaoandika tujiulize hivyo hivyo. Kula kwa kalamu si dhambi. Dhambi ni kuchukua hadithi ya mtaa, kisha kuifunga mahali ambapo mtaa wenyewe hauwezi kuisoma.