Kura Yako Si Mali ya Chama

Wanangu na wajukuu wangu mliokulia hapa Erie, Pennsylvania, nimesikia mnayoyasema misibani, harusini na nje ya kanisa baada ya ibada. Mmoja anasema Wademokrat ndio wetu. Mwingine anajibu kwamba Warepublican ndio wanaomcha Mungu. Wa tatu anasema wote ni walewale na hataki tena kusikia habari ya kura. Mnapandishiana sauti hadi ndugu wa tumbo moja hawapeani mkono. Nimechoka kusuluhisha ugomvi huu, lakini mzee akinyamaza watoto wakipotea, lawama ni yake. Basi kaeni kitako mnisikilize.

Mimi ni mpiga kura huru. Katika daftari la wapiga kura la jimbo hili, jina langu halina chama. Sifanyi hivyo kwa kiburi, wala si kwamba sioni tofauti ya vyama hivi viwili. Nilikulia Zaire ya Mobutu. Chama kilikuwa kimoja, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967, na ikafika mahali kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Hakuna aliyekuuliza. Wazazi wenu waliotoka Uvira na Fizi wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wanayajua haya. Nilipoapa kuwa raia wa Marekani, sikuulizwa mimi ni wa chama gani. Uhuru ule naulinda mpaka leo, na nawaomba nanyi muulinde.

Msidhani kukosa chama ni ugeni wetu. George Washington, rais wa kwanza, hakuwa na chama, na alipoaga mwaka 1796 aliwaonya wananchi wake juu ya roho ya uchama. Hawakumsikiliza. Leo watu wengi wamevichoka vyama vyenyewe: taasisi ya Gallup ilipowauliza Wamarekani mwaka 2024, asilimia 43 walijiita huru, wengi kuliko waliojitaja kuwa Wademokrat au Warepublican. Ila ukiwabana, wengi wao wanaelemea upande mmoja, na uchaguzi ukifika wanaupigia upande huohuo. Uhuru wa namna hiyo uko mdomoni tu. Anayetaka kuwa huru kweli ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo nataka kuwausia.

Kwanza, pimeni pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Desemba 2024 Rais Biden alimsamehe mwanawe Hunter, baada ya kusema mbele ya watu kwamba hatafanya hivyo. Warepublican walipiga kelele, na walikuwa na haki. Rafiki zangu Wademokrat wakaniambia, baba ni baba. Wiki saba baadaye, tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump akawasamehe takribani watu 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa jengo la Bunge wa tarehe 6 Januari 2021, wakiwemo waliowapiga polisi. Waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza, na waliokuwa wamenyamaza wakapiga kelele. Nyani haoni kundule. Mimi nasema misamaha yote miwili ilikuwa mibaya, na wa pili ulikuwa mzito zaidi kwa sababu uligusa uchaguzi wenyewe. Mwenye kupinga hukumu yangu ana ruhusa, lakini aje na kipimo kimoja mkononi.

Kipimo hichohicho kitumieni hata katika kusifu. Desemba 2018 Trump alitia saini sheria iliyopunguza vifungo vya baadhi ya wafungwa wa serikali kuu, na iliungwa mkono na vyama vyote viwili. Novemba 2021 Biden alitia saini sheria ya barabara, madaraja na mabomba ya maji, na maseneta 19 wa Republican walikuwa wameipigia kura ya ndiyo. Ukishindwa kutaja jema hata moja la mtu usiyempenda, bado hujamchunguza. Umeambiwa tu umchukie, ukatii.

Pili, kabla hamjauliza mgombea atafanya nini akishinda, ulizeni atafanya nini akishindwa. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu sisi tumezika watu kwa ajili ya viongozi wasiojua kuondoka. Mwaka 2000 Al Gore alipata kura nyingi kuliko George W. Bush nchi nzima, kwa zaidi ya 500,000. Florida ikamponyoka kwa kura 537, na Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya, majaji watano kwa wanne. Gore hakukubaliana na uamuzi ule, na alisema hivyo waziwazi. Lakini siku iliyofuata alisimama akakubali kushindwa, na nchi ikalala salama. Mwaka 2008, katika mkutano wa kampeni huko Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain kwamba Obama hawezi kuaminika kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alichukua kipaza sauti, akamwambia si kweli, akamtetea mpinzani wake kuwa ni mtu mwema na mwenye familia, hali akijua baadhi ya wafuasi wake hawatapenda. Na mwaka 1974, Nixon alipozama katika kashfa ya Watergate, waliokwenda Ikulu kumweleza kwamba hana tena kura za kumwokoa bungeni walikuwa Warepublican wenzake, Barry Goldwater akiwa mmoja wao. Alijiuzulu.

Sasa linganisheni na mwaka 2020. Trump alipata kura 232 za wajumbe wa uchaguzi, Biden 306. Mahakama zikasikiliza malalamiko, wakiwemo majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe, na hazikuona ushahidi wa kubatilisha matokeo. Mpaka leo hajakubali. Mnaweza kuupenda msimamo wake juu ya kodi, mipaka au utoaji mimba, na siwakatazi. Lakini kwangu mimi, mgombea asiyeweza kutamka neno "nimeshindwa" ana kasoro ambayo hakuna sera inayoweza kuifidia. Wademokrat nao wasijione watakatifu. Walimbeba Biden hadi mdahalo wa Juni 2024 ulipoonyesha hadharani jinsi uzee ulivyomlemea, wakati walio karibu naye walikuwa wakimwona kila siku. Alijitoa tarehe 21 Julai, na Kamala Harris akateuliwa bila wananchi kumchuja katika kura za mchujo. Watu wakinyimwa ukweli hadi dakika ya mwisho, imani yao katika uchaguzi hupungua pia.

Tatu, msipige kura kwa ukoo wala kwa rangi. Najua furaha ya mwaka 2008, Obama, mtoto wa baba Mkenya, alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Nami nilifurahi. Lakini mwaka wa fedha wa 2012 serikali yake iliwaondosha nchini watu zaidi ya 400,000. Na sheria ya mwaka 1986, iliyowapa karibu watu milioni 2.7 ukaazi halali, ilitiwa saini na Ronald Reagan, Mrepublican. Mpango wa dawa za ukimwi uliookoa maisha ya wengi huko kwetu ulianzishwa mwaka 2003 na Bush, naye Mrepublican. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980, iliyotufungulia mlango wengi wetu, ilitiwa saini na Jimmy Carter, Mdemokrat, na Januari 2025 Trump aliamuru mpango wa kupokea wakimbizi usimamishwe, siku ileile alipoapishwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Someni matendo ya mtu, kwa maana maneno ya kampeni hayana gharama.

Nne, jueni hesabu ya nchi hii. Wengine mnaniambia, "Mzee, kama u huru, basi mpigie mgombea asiye na chama." Nasikia hamu yenu. Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri wa Texas, alipata karibu asilimia 19 ya kura zote, watu zaidi ya milioni 19. Kura za wajumbe alipata sifuri. Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe 538, na mshindi anahitaji 270. Isipokuwa Maine na Nebraska, anayeongoza katika jimbo hubeba zote za jimbo hilo. Anayekuwa wa pili hana chake, na wa tatu hafikiriwi. Florida ileile iliyoamuliwa kwa kura 537 ilimpa Ralph Nader kura zaidi ya 97,000. Sisemi Nader aliiba kura za mtu, kwa sababu kura si mali ya mgombea yeyote. Nasema anayempigia mgombea wa tatu ajue anachofanya, akubali matokeo yake, asije akalia baadaye kwamba hakuambiwa.

Nanyi mnaishi mahali ambapo hesabu hii inauma. Kaunti yetu ya Erie ilimchagua Obama mara mbili, ikamchagua Trump mwaka 2016, ikamchagua Biden mwaka 2020, ikarudi kwa Trump mwaka 2024. Mwaka 2016 na 2020 tofauti haikufika kura 2,000. Hesabuni waumini wa makanisa na misikiti yetu, mtaona kwamba anayesema kura ya mhamiaji haina uzito hajapiga hesabu.

Uhuru una gharama, nami sitawaficha. Pennsylvania, asiyejiandikisha na Demokrat au Republican haruhusiwi kuchagua wagombea wa vyama katika kura za mchujo. Tuko zaidi ya milioni moja jimboni tunaoachwa nje ya mlango huo, ingawa uchaguzi wenyewe unaendeshwa kwa kodi zetu. Na sehemu nyingi za nchi, kiti huamuliwa katika mchujo, mara nyingine kwa sababu mipaka ya wilaya za uchaguzi imechorwa ili chama kimoja kisiweze kushindwa. Mgombea anayeogopa mchujo tu huwasikiliza wenye hasira wa chama chake, basi. New Hampshire inawaruhusu wasio na chama kuchagua mchujo wa upande wautakao. Waandikieni wabunge wenu wa jimbo, wadaini sheria kama hiyo. Na kama mmoja wenu ataona heri ajiandikishe na chama ili apate sauti katika mchujo, simlaumu. Kujiandikisha si dhambi. Kosa ni kukikabidhi chama dhamiri yako.

Tano, acheni tabia ya kuamka kila baada ya miaka minne. Rais ni mmoja. Hapa jimboni kwetu, miaka isiyogawanyika kwa mbili ndiyo miaka ya kuchagua mameya, madiwani, bodi za shule na majaji wengi. Jaji ndiye ambaye mwanao atasimama mbele yake akikosea. Bodi ya shule ndiyo inayoajiri walimu, wakiwemo wa kumfundisha Kiingereza mtoto aliyefika jana kutoka kambini. Siku hizo vituo vya kupigia kura huwa vitupu, na wachache huamua kwa niaba ya wengi. Mwaka 2017 huko Virginia, kiti kimoja cha bunge la jimbo kiliishia sare. Ikabidi majina mawili yatiwe katika bakuli na moja litolewe, na jina lile likaamua kama Warepublican watabaki na wengi katika baraza la chini la bunge hilo, au viti vitagawanyika sawa. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani siku ile angeyabadilisha yote.

Na wewe ambaye bado huna uraia, nakusihi kama mzazi: usijiandikishe na usipige kura, hata afisa akikuuliza kwa nia njema unapochukua leseni ya udereva, hata rafiki akikuambia hakuna shida. Ni kosa la jinai, na linaweza kukufukuzisha nchini. Soma kwa ajili ya mtihani wa uraia kwanza. Zamu yako itafika.

Mwisho, msigombane kwa ajili ya watu wasiowajua. Wanasiasa wanaotukanana mchana hupeana mikono jioni, nanyi mnaachwa na uhasama nyumbani. Chama hakitakuja kuwauguza, wala hakitachanga kwenye msiba wenu. Atakayekuja ni huyohuyo ndugu uliyemwita msaliti kwa sababu ya kura yake.

Basi nendeni mkajiandikishe, ninyi mlio raia. Kwa kila jina kwenye karatasi ya kura, kuanzia rais hadi bodi ya shule, jiulizeni mambo matatu: amefanya nini, atakubali kushindwa, na je, ningemsamehe kosa hili kama angekuwa wa upande mwingine? Mkijibu kwa ukweli, pigeni kura yoyote mnayoiona ni ya haki. Mimi mzee wenu nitaiheshimu, hata ikipingana na yangu.