Nauli ya Upanga

Mtoto mwenye tundu kwenye moyo utamjua anaponyonya. Anavuta mara mbili tatu, anaachia titi, anahema kama aliyepanda mlima. Jasho linamtoka kwenye paji la uso, na hapo ni Julai, upepo wa Dodoma unauma. Kijijini tutasema ana kifua. Atapewa dawa ya kikohozi, atatulia, kitarudi tena. Miezi inapita na uzito uko palepale.

Nikiwaza jambo hili nawaona akina mama wa Kibakwe, kwenye milima ya Mpwapwa. Safari yao inaanzia zahanati, inashuka Mpwapwa mjini, inafika Dodoma, na kwa watoto wengi inaishia Upanga, Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kila hatua ina karatasi yake ya rufaa, nauli yake na mahali pa kulala pa kutafuta.

Zamani safari ilivuka bahari. Dk. Ami Cohen, aliyeanzisha shirika la Save a Child's Heart nchini Israel mwaka 1995, alifariki mwaka 2001 akipanda Kilimanjaro. Shirika lake liliendelea kuwapokea watoto wetu huko Israel kwa matibabu ya moyo, na likamfundisha Mtanzania, Dk. Godwin Godfrey, kupasua mioyo ya watoto. Akarudi kufanya kazi hiyo nyumbani. Leo Upanga kuna madaktari wetu, kuna timu za wageni zinazokuja kusaidiana nao, na wafadhili wamelipia watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza.

Kwa hiyo daktari yupo, na mara nyingi hata wa kumlipia mtoto hupatikana. Anayekosekana ni wa kumfikisha mama huko. Atakula nini wiki zote hizo? Karanga nani atazing'oa, na watoto waliobaki nani atawapikia? Akifika bila barua ya mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii atamhoji upya kuhusu umaskini wake, pengine watu wakisikia. Hilo linaniumiza. Msamaha wa matibabu upo kwa ajili yake, asifanywe aombe kama anaiba.

Tena sisi ni watu wa kuchanga. Mtoto akifia mjini, pesa ya jeneza na gari la kumrudisha kijijini hupatikana kabla jua halijazama, na hakuna anayeuliza uwezo wa familia. Ningetamani mchango huo utangulie, mtoto akiwa bado anahema.

Wewe mwenye kikoba, mzee wa kanisa, imamu, mwenyekiti wa kitongoji: nenda zahanati ya kwenu wiki hii. Mwombe mganga, kwa ridhaa ya wazazi, akukutanishe na familia yenye karatasi ya rufaa ambayo haijasafiri. Anza na nauli.