Sarara na Fungu la Jirani

Katika hoteli za kifahari kandokando ya Ziwa Naivasha, karibu na mlima Longonot, sarara, yaani nyama laini ya mgongoni ambayo ng'ombe mzima huwa nayo kidogo tu, huchomwa na kupakuliwa kipande kizima kwa sahani ya mtu mmoja. Swali la kimaadili linalozuka hapo ni iwapo kosa, kama lipo, liko katika bei ya mlo huo au katika jambo jingine.

Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliuchambua ulafi kwa namna tano, mojawapo ikiwa ni kutamani chakula cha thamani hata pale mlaji asipozidisha kiasi. Uislamu nao unakataza israfu, yaani kupita mipaka katika matumizi. Makatazo hayo ni ya haki, lakini humpima mlaji na sahani yake tu. Mila za Wamaasai, ambao malisho yao yalienea katika bonde hili la Naivasha, zilianzia mahali pengine: morani, yaani kijana wa rika la mashujaa, hakutakiwa kula peke yake bila wenzake wa rika, na mnyama alipochinjwa, viungo mbalimbali vilikuwa na wenyewe, vingine vya wazee, vingine vya wanawake, vingine vya vijana, hata mwenye ng'ombe asiweze kudai kwamba nyama yote ni yake. Udhiya, mnyama anayechinjwa Idi Kubwa, hufuata mantiki iyo hiyo, kwa kuwa wanazuoni wengi hupendekeza nyama yake igawanywe mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini.

Huenda ikajibiwa kwamba mlaji wa hotelini naye hugawa, maana fedha zake humfikia mpishi, mhudumu na mfugaji. Jibu hilo halitoshi, kwani ujira ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, ilhali fungu ni haki ya mtu kwa kuwa yupo tu. Hapa Longonot hoja hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha ili kuwapisha walowezi, na mgeni wa leo, ingawa hana hatia ya mkataba huo, hula katika nchi ambayo wenye fungu walikwisha kuondolewa mezani. Sarara si haramu, wala bei yake si dhambi. Asiyefaa kusamehewa ni mwenye uwezo anayeimaliza akiamini kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na haki juu yake.